Manes na Lemures: Wafu wa Roma kati ya Kulishwa na Kufukuzwa

Tatizo la utafiti

Mwezi Februari, Mrumi wa miaka ya mwisho ya Jamhuri alitoka nje ya mji hadi kwenye kaburi la baba yake akiwa na mkate uliolowekwa katika divai, punje za nafaka, chumvi kidogo na maua. Mwezi Mei, katikati ya usiku, Mrumi huyohuyo aliamka, akatembea pekupeku ndani ya nyumba yake, akatupa maharagwe meusi bila kugeuka nyuma, kisha akawataka wafu watoke. Makala hii inauliza swali moja ambalo jibu lake linabadilisha namna tunavyoielewa dini ya nyumbani ya Warumi: je, wafu waliopelekewa chakula Februari na wafu waliotolewa nje Mei walikuwa walewale?

Jibu lililozoeleka katika vitabu vingi vya marejeo ni la kukanusha. Husemwa kwamba Manes walikuwa roho njema za mababu, na kwamba Lemures, wakati mwingine wakiitwa Larvae, walikuwa roho mbaya zinazotangatanga. Kwa mgawanyo huo, Februari ni mwezi wa upendo na Mei ni mwezi wa hofu, na kila sikukuu ina wafu wake. Ni mpangilio unaopendeza macho. Makala hii inadai kwamba haukuwa mpangilio wa watu walioziadhimisha sikukuu hizo, bali uliundwa baadaye na waandishi wawili waliokuwa na haja zao, na wa pili kati yao alibadilisha maneno ya wa kwanza kwa namna ambayo imewapotosha wasomaji wengi.

Kwa mtafiti anayeandika kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu lugha yetu inamlazimisha kuchagua mapema. Tuna mzimu, koma, pepo, kivuli, jini na shetani, na kila neno lina mwenendo wake: mizimu hutambikiwa, pepo hupungwa. Mfasiri akiandika mizimu kwa Manes na pepo wachafu kwa Lemures, amekwisha kulijibu swali kabla ya kuliuliza. Ndiyo maana katika kurasa hizi majina ya Kilatini yameachwa kama yalivyo, na neno wafu linatumika pale ambapo ushahidi hauruhusu kusema zaidi. Neno tambiko, kwa upande mwingine, nimelitumia bila kusita kwa kitenzi cha Kilatini parentare. Kitenzi hicho kinatokana na neno lenye maana ya mzazi, na maana yake ni kutimiza kwa mzazi aliyekufa yale anayodai.

Jina lisilo na umoja

Manes ni nomino ya wingi tu. Hata marehemu mmoja alikuwa na Manes wake, na mawe ya makaburi yanashuhudia hivyo. Kuanzia karne ya 1 B.K. maneno Dis Manibus, yaani kwa miungu Manes, yaliandikwa kwenye maelfu ya mawe hayo, mara nyingi yakifupishwa kuwa D.M., na jina la marehemu likafuata. Wakati mwingine jina hilo lina umbo la kumilikisha, hivyo jiwe linasomeka kwa miungu Manes wa mtu fulani. Wakati mwingine lina umbo la kupewa, kana kwamba sadaka ni ya Manes na ya marehemu kwa pamoja. Wachongaji mawe hawakuona haja ya kuchagua kati ya njia hizo mbili, na sidhani kwamba ni kazi yetu kuwachagulia.

Neno lenyewe lilielezwa na wataalamu wa Kirumi kwa kivumishi cha kale chenye maana ya wema. Maelezo hayo yamekuwa msingi mmojawapo wa dai kwamba Manes ni roho njema. Lakini kumwita mtu mwema ili awe mwema ni desturi ya lugha ya heshima na ya woga kwa pamoja. Wagiriki waliwaita miungu wa kisasi Eumenides, yaani wenye nia njema, wala hakuna aliyedhani kwamba jina hilo lilikuwa maelezo ya tabia zao. Jina la adabu halithibitishi tabia ya mwenye jina. Huonyesha tu kwamba anayelitamka anajihadhari.

Kwamba Manes walikuwa na nguvu ya kuogopwa kunaonekana wazi nje ya nyumba pia. Livius anasimulia kwamba mwaka 340 K.K., katika vita dhidi ya Walatini, konsuli Publius Decius Mus alifunika kichwa chake, akasimama juu ya mkuki, akarudia maneno aliyotajiwa na kuhani, na kujitoa mwenyewe pamoja na majeshi ya adui kwa Manes na kwa Dunia. Kisha akajitupa katikati ya maadui akafa. Hapa Manes hawaombewi wala hawalilizwi. Wanapewa askari walio hai wawachukue. Livius huyohuyo, akimaliza kisa cha binti Verginia aliyeuawa na baba yake ili asitiwe utumwani na Appius Claudius, anasema Manes wa binti huyo walizunguka nyumba nyingi wakitafuta adhabu, wasitulie mpaka asibaki mwenye hatia hata mmoja. Roho inayotangatanga, inayodai na isiyotulia: kwa mgawanyo uliozoeleka huyu angepaswa kuitwa Larva. Mwandishi wa zama za Augustus anamwita Manes.

Katika sheria pia kundi ni moja. Cicero, katika kitabu cha 2 cha Kuhusu Sheria, anaagiza kwamba haki za miungu Manes ziwe takatifu, naye hatofautishi Manes wenye kustahili na wasiostahili. Mwanasheria Gaius, katika karne ya 2 B.K., anagawa vitu vya dini katika mafungu mawili: vilivyowekwa wakfu kwa miungu wa juu, na vilivyoachwa kwa Manes. Augustinus anamnukuu Varro, msomi mkubwa kuliko wote wa mambo ya kale ya Roma, akisema kwamba wafu wote walihesabiwa kuwa miungu Manes. Neno wote lapasa kuzingatiwa. Charles W. King, katika kitabu chake cha mwaka 2020 kuhusu imani za Warumi juu ya maisha baada ya kifo, amesisitiza kwamba Manes waliabudiwa kama miungu wenye uwezo halisi; makala hii inakubaliana naye katika hilo, ingawa shabaha yake ni tofauti.

Siku tisa za Februari

Parentalia zilianza tarehe 13 Februari na kuendelea hadi tarehe 21, siku iliyoitwa Feralia. Kalenda ya mwaka 354 B.K. inaonyesha kwamba siku ya kwanza bikira wa Vesta alitoa tambiko, jambo linalodokeza kwamba hata dola ilikuwa na wafu wake wa kuwahudumia. Sehemu kubwa ya siku hizo, hata hivyo, ilikuwa ya familia. Mahekalu yalifungwa, uvumba haukufukizwa madhabahuni, na ndoa hazikufungwa.

Ovidius, ambaye shairi lake la kalenda, Fasti, ndilo chanzo chetu kikuu, anasisitiza udogo wa sadaka. Kigae kilichozungushiwa shada la maua, nafaka iliyomwagwa, punje za chumvi, mkate katika divai, maua machache ya urujuani: vyote vinaweza kuachwa juu ya kigae katikati ya njia. Anasema wafu hawana tamaa. Kwao uaminifu wa mtoto una thamani kuliko zawadi ya fahari. Kauli hiyo imenukuliwa mara nyingi kuthibitisha upole wa Manes. Wanaoinukuu husahau kisa kinachofuata mara moja. Zamani, anasema Ovidius, Warumi walishughulika na vita wakaziacha siku za Parentalia. Mji ukapata joto kutokana na moto wa kuchomea maiti nje ya kuta, na mababu wakatoka makaburini, wakalia usiku katika njia za mji na mashambani, kundi la vivuli visivyo na umbo. Heshima ziliporudishwa, vifo na maajabu hayo yakakoma. Ovidius anaongeza kwamba yeye mwenyewe haamini sana. Awe anaamini au haamini, mantiki ya kisa iko wazi. Walioleta maafa ni mababu wenyewe, wale wa Februari. Hawakugeuka kuwa aina nyingine ya viumbe. Walikuwa wanadai deni.

Akiolojia inathibitisha kwamba deni hilo lilieleweka kama chakula halisi. Katika makaburi ya Isola Sacra, kati ya Ostia na Portus, kuna vitanda vya kulia chakula vilivyojengwa kwa matofali mbele ya milango ya nyumba za makaburi. Na maskini waliozikwa ardhini kati ya nyumba hizo waliwekewa shingo za mitungi zinazotokeza juu ya udongo, ili divai imwagwe ifike chini. Huko Caerleon, Uingereza, majivu ya mtu yamekutwa ndani ya chombo cha risasi chenye bomba la risasi lililopanda hadi usawa wa ardhi. Bomba ni kitu cha gharama na cha usumbufu. Mtu haweki bomba kwa ajili ya ishara tupu.

Wafu wakuu walipata zaidi ya mkate. Mji wa Pisa, baada ya kifo cha Lucius Caesar mwaka 2 B.K., uliamuru kwamba kila mwaka Manes wake wachinjiwe ng'ombe mweusi na kondoo mweusi waliopambwa kwa vitambaa vya rangi ya samawati iliyokoza, na kwamba maziwa, asali na mafuta vimwagwe mahali hapo. Amri hiyo ilichongwa kwenye jiwe na ingali inasomeka.

Tarehe 22 Februari, kesho yake Feralia, ilikuwa Caristia. Ndugu walikula pamoja, na kwa mujibu wa Valerius Maximus hakuna asiye ndugu wa damu au wa ndoa aliyekaribishwa, kwa kuwa ugomvi wa ukoo ulipaswa kumalizwa mezani hapo. Baada ya kuwahesabu waliokufa, wenye nyumba walihesabu waliobaki.

Usiku tatu za Mei

Lemuria ziliangukia tarehe 9, 11 na 13 Mei. Ovidius anaeleza kwamba mwenye nyumba huamka watu wakiwa kimya, miguuni hana fundo lolote, anatia kidole gumba katikati ya vidole vilivyofumbwa asikutane na kivuli, ananawa kwa maji ya chemchemi, kisha anatwaa maharagwe meusi na kuyatupa huku uso ameugeuzia mbali. Mara tisa anasema kwamba anayatoa maharagwe hayo ili kujikomboa yeye na watu wake, wala hatazami nyuma. Inaaminika kwamba kivuli kinamfuata kikiyaokota. Ananawa tena, anagonga shaba, na mara tisa anawataka wafu watoke.

Jambo la kuamua ni jina ambalo mwenye nyumba anawaita. Katika maelezo ya Ovidius hasemi Lemures, wala Larvae. Anasema Manes, na anawaongezea kivumishi chenye maana ya wa baba. Anayetolewa nje ya nyumba Mei ni baba aliyepelekewa mkate Februari. Wala hili si jina lililoponyoka kwa sababu ya vina na mizani, maana mshairi anapoanza kuieleza sikukuu hii anaitambulisha kuwa ni sadaka kwa Manes walio kimya. Na anasimulia kwamba zamani, kabla Februari haijaingia katika mwaka, Mei ndio uliokuwa mwezi wa kupeleka zawadi kwenye majivu ya mababu, mjukuu akizuru kaburi la babu. Kwa Ovidius, basi, Lemuria na Parentalia ni tambiko moja lililopata tarehe mbili. Historia yake ya kalenda inaweza kuwa ya kubuni. Lakini mtu hawezi kubuni hivyo mbele ya wasomaji wa Kirumi ikiwa kila mmoja wao anajua kwamba wafu wa Mei ni jamii nyingine.

Haki inadai ushahidi wa upande wa pili nao usikilizwe. Kipande cha Varro kilichohifadhiwa na mwanasarufi Nonius kinasema kwamba watu walirusha maharagwe usiku na kusema wanawatoa Lemurii nje ya mlango. Horatius na Persius wanawataja Lemures kama vitisho vya usiku. Jina hilo, kwa hiyo, lilikuwapo na lilitisha. Swali ni kama lilitaja aina ya wafu au hali ya wafu. Varro aliyetumia jina hilo ndiye aliyesema pia kwamba wafu wote ni Manes, na kauli zake mbili hazigongani iwapo Lemures ni wafu walewale wakiwa mahali pasipo pao. Mfu kaburini ni jirani mwenye heshima. Mfu sebuleni usiku wa manane ni jambo jingine, hata kama ni baba.

Maharagwe yenyewe yanaelekea upande huohuo. Wafasiri wengine wameyachukulia kuwa silaha ya kufukuzia, lakini vyanzo vinayachukulia kuwa chakula cha wafu. Kuhani wa Jupiter alikatazwa kuyagusa na hata kuyataja. Plinius Mkubwa anaeleza kwamba kuna waliosema roho za wafu zimo ndani yake, na kwamba kwa sababu hiyo yalitumika pia katika parentare, yaani katika tambiko la makaburini. Chakula kilekile, basi, kilipelekwa kaburini mchana na kutupwa nyumbani usiku, na maneno ya mwenye nyumba ni ya mtu anayelipa fidia. Lemuria hazikuwa kupunga pepo. Zilikuwa kumlisha mgeni na kumsindikiza.

W. Warde Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 1899 kuhusu sikukuu za Jamhuri, aliziona Lemuria kuwa masalio ya zama za kale zaidi za woga, na Parentalia kuwa tunda la dola iliyostaarabika. Mtazamo huo ulilingana na nadharia za maendeleo ya dini zilizotawala zama zake, na una kasoro ya ushahidi: Lemuria na Feralia zote mbili zimeandikwa kwa herufi kubwa katika kalenda za mawe, katika tabaka ambalo Theodor Mommsen alilitambua kuwa la kale kuliko mengine. Kalenda haimpi mtafiti ruhusa ya kuziweka sikukuu hizi katika ngazi mbili za ustaarabu. Aidha, katika siku hizo za Mei pia mahekalu yalifungwa na ndoa ziliepukwa, kama ilivyokuwa Februari.

Mwalimu wa Madauros na askofu wa Hippo

Mgawanyo wa wafu wema na wabaya ulitoka wapi? Maandishi ya kwanza yanayoupanga wazi ni hotuba ya Apuleius kuhusu mungu wa Socrates, ya karne ya 2 B.K. Apuleius alizaliwa Madauros, katika Algeria ya leo, na alijiita mwanafalsafa wa Plato. Haja yake ilikuwa kuwapatia Warumi mfano wa wale viumbe wa kati ambao Wagiriki waliwaita daimones. Akaandika kwamba katika Kilatini cha kale roho iliyotoka mwilini huitwa Lemur. Kwamba kati ya hao, aliyepewa ulinzi wa uzao wake na kuikalia nyumba kwa amani huitwa Lar. Kwamba aliyehukumiwa kutangatanga kwa maovu yake huitwa Larva, kitisho cha bure kwa wema na hatari kwa waovu. Na kwamba pale isipojulikana ni yupi kati ya hao, huitwa kwa heshima mungu Manes.

Msomaji atambue kwamba hata hapa Lemures si waovu. Ni jina la jumla la wafu wote, na waovu ni Larvae peke yao. Neno hilo larva nalo lilikuwa na maisha yake ya mtaani tangu zamani: katika vichekesho vya Plautus mtu mwenye wazimu huitwa larvatus, aliyeingiwa na larvae, kwa namna inayofanana na usemi wetu kwamba fulani ana mashetani. Apuleius alilichukua neno la kutukania akalipa cheo katika falsafa.

Zaidi ya miaka 200 baadaye, Augustinus, ambaye katika ujana wake alisoma shule palepale Madauros, aliyarudia mafundisho haya katika kitabu cha 9 cha Mji wa Mungu ili kuyapinga. Katika muhtasari wake binadamu huwa Lares wakiwa na matendo mema. Wakiwa na matendo mabaya huwa Lemures au Larvae. Na huitwa Manes ikiwa haijulikani. Lemures, waliokuwa jumla, wamehamishwa wakawekwa pamoja na waovu. Inawezekana Augustinus aliandika kwa kumbukumbu. Inawezekana jina lenye vitisho vya Horatius na Persius lilivutwa lenyewe upande huo. Haja yake kwa vyovyote ilikuwa ya kimaadili: alitaka kuonyesha kwamba fundisho hili linawatia watu moyo wa uovu, kwa kuwa mwovu anaahidiwa kuwa kiumbe cha kudhuru na kupewa sadaka. Kwa hoja hiyo alihitaji kundi la wafu waovu lenye jina. Orodha ya vitabu vya marejeo ya leo, ikisema Lemures ni roho mbaya, inamfuata Augustinus hata pale anapoachana na chanzo chake.

Deni lisilolipwa

Visa vya wafu wanaosumbua vinavyotoka zama za kabla ya Augustinus havijengwi juu ya uovu wa marehemu. Plinius Mdogo, katika barua kwa Sura, anasimulia nyumba ya Athene iliyosikika minyororo usiku. Mwanafalsafa Athenodorus aliipanga kwa bei ya chini, akakifuata kivuli hadi uani, akaweka alama pale kilipotoweka; mifupa iliyofungwa minyororo ikafukuliwa, ikazikwa hadharani, na nyumba ikatulia. Hakuna neno hata moja kuhusu dhambi za mtu huyo. Suetonius anasema maiti ya Caligula, aliyeuawa mwaka 41, ilichomwa nusu na kufukiwa haraka katika bustani za Lamia, na watunzaji wa bustani wakasumbuliwa na vivuli hadi dada zake waliporudi kutoka uhamishoni, wakaifukua, wakaichoma na kuizika ipasavyo. Ikiwa kuna Mrumi ambaye maovu yake yangempa makao ya kudumu kati ya Larvae, ni huyo. Lakini alipopata mazishi kamili, usumbufu ukakoma. Hata Plautus, mtumwa Tranio anapotunga uongo wa nyumba yenye mzimu katika Mostellaria, anamtunga mgeni aliyeuawa na kufukiwa bila haki, ambaye kuzimu kumemkataa. Uongo huwa na nguvu pale unapofuata kanuni ambazo msikilizaji anazijua.

Wapo Warumi waliocheka mambo haya. Cicero aliuliza ni bibi kizee gani bado anaogopa kuzimu, na Juvenalis akasema hata watoto hawaamini. Lakini Cicero aliyecheka ndiye aliyetunga sheria ya haki za Manes, na binti yake Tullia alipofariki mwaka 45 K.K. alihangaika kwa miezi kununua kiwanja cha kumjengea mahali pa ibada. Kucheka mafundisho na kulipa deni yalikuwa mambo mawili.

Kama msingi ni deni, swali la hatari zaidi si kama marehemu alikuwa mwema, bali kama ana mtu wa kumlipa. Hapa ndipo dini ya wafu inapokutana na utumwa. Digesta inahifadhi maoni ya mwanasheria Aristo kwamba mahali alipozikwa mtumwa pamekuwa mahali pa dini, kama pa mtu huru. Mtumwa ambaye kisheria hakuwa na baba, mke wala mali alikuwa na Manes. Lakini nani angewahudumia? Jibu mojawapo limechongwa kwenye jiwe la Lanuvium la mwaka 136 B.K., lenye kanuni za chama cha waabuduo Diana na Antinous. Aliyejiunga alilipa sesta 100 na mtungi wa divai nzuri, kisha asi 5 kila mwezi. Alipofariki chama kilitoa sesta 300 za maziko, na kati ya hizo 50 ziligawiwa waliohudhuria uchomaji. Kanuni moja inahusu mwanachama mtumwa ambaye bwana wake, kwa ukatili, anakataa kuitoa maiti: wenzake watafanya mazishi ya sanamu yake. Bwana angeweza kuizuia maiti. Hakuweza kuwazuia wenzake kulipa.

Meza ya Monica

Ukristo ulipopata nguvu, lililokuwa gumu kuondoa si mafundisho, ni chakula. Augustinus anasimulia katika Maungamo, kitabu cha 6, kwamba mama yake Monica, alipofika Milano kutoka Afrika, alikwenda kwenye makaburi ya mashahidi akiwa na uji, mkate na divai kama alivyozoea kwao, na bawabu akamzuia. Askofu Ambrosius alikuwa amekataza desturi hiyo, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba inafanana mno na Parentalia za wapagani. Monica alitii mara moja, akapeleka sala na sadaka kwa maskini badala ya kikapu. Augustinus anakiri kwamba pengine asingeiacha desturi hiyo kwa urahisi kama angekatazwa na mtu mwingine asiyempenda kama alivyompenda Ambrosius.

Wengine hawakuiacha. Katika kalenda ya mwaka 354, tarehe 22 Februari, siku ya Caristia, imekwisha kuwa sikukuu ya Kiti cha Petro. Mwaka 567 maaskofu waliokutana Tours, Ufaransa, walilazimika kuwakemea waumini ambao katika sikukuu hiyohiyo waliwapelekea wafu chakula, kisha wakatoka misani na kurudi nyumbani kula vyakula ambavyo maaskofu waliviita vya mashetani.